Mzigo Begani, Si Kichwani

Nilifuta ubao wake kwa nepi ya mwanangu, na nepi yenyewe ilikuwa mbichi. Naanza hapo kwa sababu watu wa Ng'ambo, hapa Tabora, wamekwisha kulisimulia jambo hili kwa vicheko, kila mmoja akitia chumvi yake, na sijamsikia hata mmoja aliyelisimulia sawasawa.

Ilikuwa saa kumi alasiri, katika jumba la welfea, lile la mikutano na mafunzo ya raia. Humo serikali ilikuwa imefungua darasa la Kiingereza la akina mama, Jumatatu na Alhamisi. Mimi sikuwa ndani. Nilikuwa nje dirishani, nimepanda juu ya matofali mawili, mtoto mgongoni, maana mlangoni palibandikwa karatasi: watoto wachanga hawaruhusiwi. Ndani, chini ya picha ya Malkia, alisimama mwalimu. Mwalimu huyo nilikaa naye dawati moja miaka minne. Gauni la maua, viatu vya kamba, saa ya mkononi, na chaki imemjaa mpaka kwenye kiwiko. Saa ningeweza kuisamehe. Ile chaki ndiyo iliyoniuma.

Mezani kwake lilikuwepo daftari langu la jalada la kahawia.

Siku hiyo alifundisha aina tatu za sentensi za Kiingereza: simpo, kompaundi na kompleksi. Alichora mpagazi wa zamani, yule wa misafara ya pembe na vitambaa, na mzigo wake.

"Mpagazi mmoja, mzigo mmoja," alisema. "Anatoka kambini mwenyewe, anafika mwenyewe. Hiyo ni simpo. Mama analima. Basi, imefika."

Akachora wawili wanaokwenda bega kwa bega. "Hawa kila mmoja angeweza kufika peke yake, ila wameshikana mkono. Mama analima, na baba anavuna. Mkono ni hiyo 'na'. Siku nyingine mkono ni 'lakini'. Kompaundi." Halafu akamchora wa tatu, mzigo wake umefungwa mkeka wa kulalia juu yake. "Huu mkeka je? Kwa sababu mvua ilinyesha... Haya, niambieni, umefika wapi?"

"Haujafika!" akina mama waliitikia. "Umeachwa njiani!"

"Haufiki mpaka aubebe mtu. Kwa sababu mvua ilinyesha, mama analima. Kompleksi."

Wakacheka kwa ile raha ya mtu aliyeelewa. Mke wa fundi cherehani, aliyekaa mbele, akauliza: "Mwalimu, haya umeyatoa wapi? Mbona yanateleza kama uji?"

"Kichwani mwangu, mama yangu," alijibu. "Babu yangu alikuwa mpagazi. Alitembea kwa miguu kutoka hapa hapa mpaka Bagamoyo."

Babu yake! Babu yake alikuwa mkwezi wa minazi huko kwao nyuma ya Dar es Salaam, na hakuwahi hata kuliona vumbi la Tabora. Alinieleza mwenyewe tukiwa shule. Aliyetembea mpaka Bagamoyo ni babu yangu mimi. Na yule mpagazi wa ubaoni alikuwa amebeba mzigo kichwani! Kichwani, kama mwanamke anayetoka kisimani!

Sikumbuki nilivyoshuka kwenye matofali. Nakumbuka nimesimama katikati ya darasa. "Mnyamwezi habebi kichwani!" nilisema, na sauti iliyonitoka sikuijua. Nikamfungua mtoto, nikampachika mapajani mwa mke wa fundi, nikamvua nepi, nikaufuta ubao kutoka kona mpaka kona. Mkojo na chaki vikatiririka ukutani mpaka sakafuni.

Nikawageukia akina mama. Nilitaka waone kwamba nalia. Lakini yule mwanamke hana haya. Akaziba pua kwa vidole viwili, akawageukia wanafunzi wake.

"Mmeona? Wanyamwezi hata ubao wanaupelekea mvua!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. "Watani hao!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Waacheni watani wamalizane!"

Hapo ndipo nilipokwama. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Utani wetu ulianza zamani, wakati babu zetu walipokutana kwenye njia ya pwani, wakagombana, wakapatana, wakaamua kutaniana mpaka mwisho wa dunia. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kuingia kwako akabeba sufuria yako yenye mboga ndani, na wewe utacheka, utamwendea na jogoo ukombolee chako. Ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Ndiyo maana nilifuta ubao kwa mkojo, nikalia mbele ya wanawake ishirini, na hakuna aliyeamini kwamba nimekasirika.

Sasa niseme daftari lilivyotoka kwangu, kwa sababu hapo nami nina kosa, na silifichi.

Tulipokuwa shule ya wasichana, mwalimu wetu wa Kizungu alifundisha sentensi kwa vijumba. Alichora mistari ubaoni, akaikata sentensi vipande, kila kipande kikatiwa jumba lake kama kuku. Sisi tulinakili vijumba bila kujua nani analala wapi. Nilipata sifuri mara mbili. Likizo nikaenda nyumbani Goweko, nikakuta babu amekaa nje anachambua karanga.

Babu alikuwa na nundu kwenye bega la kushoto, ngumu, kubwa kama kiazi kidogo. Nilipokuwa mdogo nililala nimeikumbatia. Ilitokana na mizigo. Alinieleza kwamba watu wa pwani walibeba kichwani, wakachoka shingo, lakini Mnyamwezi alibeba begani. Na yeye alibeba kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulishika fimbo, na fimbo ilikuwa ya kupimia kina cha mto kabla hajatia mguu.

Nilimlalamikia. Kiingereza hakujua hata neno. Nikasema: "Babu, kuna sentensi inasimama yenyewe, na kuna nyingine ukiisema peke yake watu wanakungoja umalize. Mimi sioni tofauti."

Akatafuna karanga, akafikiri. "Hiyo inayongojwa ni mkeka," alisema. "Mjukuu wangu, sijawahi kuona mkeka uliofika Bagamoyo peke yake."

Basi. Wiki nzima nilikaa naye, yeye anaonyesha kwa vijiti mzigo ulivyofungwa na mkeka ulivyokaa juu yake, mimi nachora. Wapagazi wote katika daftari lile wamebeba bega la kushoto. Niliporudi shule nilipata zote. Mwalimu wa Kizungu akalichukua daftari, akalionyesha darasa la juu, akalirudisha kwa mikono miwili. Jirani yangu wa dawati alinicheka wiki nzima. "Nyie mlizoea kubebeshwa, hata Kiingereza mmekifunga kamba!" Lakini usiku wa mtihani alikuja kitandani kwangu akasema, "Mtani, nipe hao wapagazi wako." Nikampa. Akafaulu kwa mgongo wa babu yangu.

Babu alifariki mwaka niliomaliza darasa la kumi. Mwaka uliofuata niliolewa na karani wa stesheni, nikaja kukaa Ng'ambo kwa mama mkwe, na mtoto akazaliwa.

Siku ya saba mtani wangu akaja kunipongeza. Alianza vigelegele tangu barabarani. "Mzigo umefika! Mpagazi yuko wapi?" Akamnyanyua mtoto, akamgeuza huku na huku. "Huyu mbona mzuri hivi? Huyu Mzaramo. Mmemwiba, nyie." Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha mgeni wetu akainama, akavuta sanduku langu uvunguni mwa kitanda, akachakura, akatoka na daftari la kahawia.

"Hili nimeliteka," alisema. "Mkilitaka, nileteeni jogoo kabla ya arobaini."

Mama mkwe alikwisha kusimama kwenda kumkamata jogoo. Mimi nikamzuia. Nilikuwa nimechoka, maziwa yamenijaa, kichwa kizito. Nikasema, haya ndiyo maneno yangu mwenyewe: "Mwache aende nalo, mama. Mimi sasa Kiingereza nitamfundisha nani? Huyu?" Nikamwonyesha mtoto.

Mwenzangu akasita mlangoni. Kicheko kilimtoka usoni kidogo. "Kweli, mtani?"

"Kweli. Nenda nalo."

Kila siku nayasikia maneno hayo mawili. Nenda nalo.

Miezi michache baadaye ofisi ya maendeleo ilitafuta mwanamke wa darasa la kumi afundishe akina mama. Nilikwenda. Bibi wa Kizungu mwenye kazi hiyo alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, kisha akamtazama mtoto mgongoni. "Nani atamshika wakati unafundisha?" Mama mkwe alikuwa na shamba lake. Wiki iliyofuata nikasikia kazi imepata mtu, na mtu huyo hana mtoto, hana mume, ana baiskeli.

Nilimwonea wivu. Sitaki kulipamba neno hili. Nilipoanua nepi kwenye kamba nilimwona akipita na baiskeli yake, vitabu vimefungwa nyuma kwa mpira, na akinipungia mkono nilikuwa napunga huku nikiomba gurudumu litoboke. Niliwaonea wivu hata wanafunzi wake. Mke wa fundi cherehani alikuwa akipita kwangu na kuniamkia kwa Kiingereza, mimi niliyesoma! Nikaanza kwenda dirishani. Mama mkwe alidhani nakwenda sokoni.

Mara ya kwanza nilipowaona wapagazi ubaoni, niliondoka nikamkamata jogoo, nikampeleka kwa mwalimu, chumbani kwake karibu na reli. Alinipokea kwa shangwe. Akamchinja, akampika kwa nazi iliyoletwa kwa treni, akanipakulia paja. Nikala. Tulipokwisha kunawa nikasema: "Haya, mtani. Mateka wangu."

"Arobaini ilipita zamani," akacheka. "Mateka ameolewa huku, ana watoto."

"Sitanii."

"Na mimi je? Angalia." Akafunua karatasi zilizopigwa chapa. Bibi wa maendeleo alikuwa amelipenda somo, litatolewa kama kijitabu, kipelekwe kwenye welfea zote kwa treni, kuanzia Igalula mpaka Kigoma. Juu ya karatasi ya kwanza palikuwa na jina moja tu, na halikuwa langu.

"Weka na langu," nilisema.

"Mtani, ulisema 'nenda nalo'. Nilikwenda nalo."

Nikarudi nyumbani na manyoya ya jogoo kwenye kanga. Hata hapo nilivumilia. Nilijiambia daftari nililitoa mwenyewe, acha jina liende. Nilivumilia mpaka Alhamisi ile, dirishani, nilipomsikia anamchukua na babu.

Jioni ya siku ya nepi mume wangu aliporudi alikuwa amekwisha kuambiwa stesheni. Alijaribu kutocheka, ikamshinda.

"Mke wangu, kwa mkojo?"

"Cheka. Kesho napeleka barua ya mashtaka kwa kamati ya welfea."

"Umshtaki mtani? Kwa maandishi?" Akaweka kofia yake mezani. "Watatucheka mpaka Kigoma. Mimi nakata tiketi pale, watu watanunua tiketi ili wanione tu."

"Na kijitabu kikitoka babu yangu atakuwa Mzaramo."

"Ni kijitabu cha sentensi, jamani."

"Wewe hukuishika nundu yake."

Mama mkwe alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Akaja na mwiko mkononi. "Mwanangu, mtani hashtakiwi. Toka nizaliwe sijaona. Ukimshtaki mtani umekata njia."

"Sawa, mama. Lakini nisikilize kwanza nilivyoandika."

Ningeweza kuandika kwa Kiingereza, nikawaonyesha. Niliandika kwa Kiswahili ili mama mkwe aelewe. Nikamsomea, mtoto ananyonya. Alisikiliza amekunja uso. Nilipofika mahali pa bega akanyanyua mwiko.

"Umeandika 'begani' tu. Bega lipi?"

"La kushoto, mama."

"Basi sema la kushoto. Baba yangu naye lilikuwa la kushoto." Akajishika bega lake mwenyewe. "Tulimkanda kwa samli kila wakati wa masika. Andika la kushoto. Na uulize fimbo ilikuwa ya nini. Huyo wa pwani hawezi kuijua fimbo."

Mume wangu akatazama dari.

Asubuhi nikaenda welfea. Katibu wa kamati ni mzee wa mjini, mwenye kanzu safi na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nepi nyingine?"

"Nimeleta barua."

Akaisoma. Mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko, akajizuia, akaisoma tena, safari hii polepole. Kisha akanirudishia. "Siwezi kuipokea. Mambo ya watani hayana muhuri. Nikipiga muhuri hapa, Wazaramo wote wa relini watakuja kunidai mbuzi."

"Basi nitakaa hapa hapa, baba."

"Mpaka lini?"

Nikamfungua mtoto, nikamweka juu ya meza yake, katikati ya majalada. "Huyu amekunywa maziwa sasa hivi. Hana nepi."

Alimtazama mtoto. Akatazama majalada yake. Akavuta kisanduku cha wino, akapiga muhuri kwa haraka kuliko nilivyotegemea, na nakala yangu nayo akaipiga. Ninayo. Hii hapa, kama ilivyo:

Kwa Katibu wa Kamati, Jumba la Welfea, Tabora.

Bwana,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Ng'ambo, nimesoma mpaka darasa la kumi. Naleta mashtaka juu ya mwalimu wa Kiingereza wa akina mama. Najua kwamba ni mtani wangu. Katika barua hii simtanii.

Kwanza, kuufuta ubao kwa nepi nilikosa. Nawaomba radhi akina mama, na hasa yule aliyeshikishwa mtoto bila kuulizwa, akalowa. Mwalimu simwombi.

Pili, daftari la wapagazi ni kazi ya mkono wangu. Alilichukua kwa utani, nami nikamwambia kwa kinywa changu aende nalo. Silidai. Jogoo pia simdai, kwa sababu nilimla naye.

Tatu, nililolitoa ni daftari. Babu sikumtoa. Mtani huchukua kilichomo ndani ya sanduku, na babu yangu hakuwamo sandukuni. Mwalimu amesema mbele ya darasa kwamba aliyekwenda Bagamoyo ni babu yake.

Nne, naomba kabla kijitabu hakijapakiwa kwenye treni, mwalimu aitwe mbele ya kamati, apewe daftari lenyewe mkononi, aulizwe mambo mawili tu. Kwa nini wapagazi wote wa daftarini wamebeba bega la kushoto, na yeye ubaoni amemchora amebeba kichwani? Na fimbo ya mkono wa kulia ilikuwa ya kazi gani? Akijibu, nitaleta mbuzi na nitanyamaza. Asipojibu, kijitabu kiandikwe kwamba mafunzo haya yametoka kwa mpagazi mmoja wa Goweko, na yaliandikwa na mjukuu wake. Jina la mwalimu libaki chini yake kama mfundishaji, maana kufundisha anafundisha vizuri, na hilo nimeliona mwenyewe kwa macho yangu kutoka dirishani.

Tano, karatasi ya mlangoni kuhusu watoto wachanga iondolewe. Mtoto akilia, mama atatoka naye, na akinyamaza atarudi.

Jibu naomba liwe la maandishi. Nitalifuata Alhamisi saa kumi. Kama karatasi bado ipo mlangoni, nileteeni dirishani.